Tambi: nipime kavu au zikishaiva?

SWALI: Habari za kazi dada. Niko Nyegezi hapa Mwanza, daktari kaniambia nipunguze uzito, nikanunua mzani mdogo wa jikoni nikaanza kuhesabu kalori. Shida yangu ni tambi. Paketi imeandika gramu 100 ni kcal 350, mi sahani yangu nikipakua inasoma gramu 250, nikipiga hesabu inakuja 875, sahani moja tu! Mdogo wangu kaangalia kwenye simu eti gramu 100 ni kama 150. Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Nani yuko sahihi?
Mama wa Nyegezi

JIBU: Pole mama, yaani umejihesabia zaidi ya mara mbili ya ulichokula. Wote mko sahihi ila mnaongelea vitu viwili. Ile 350 ya paketi ni ya tambi kavu, kama hawajaandika kwamba zimepikwa basi jua ni kavu, na ya mdogo wako ni ya zilizoiva. Tambi zikichemka zinakunywa maji, gramu 100 kavu zikiiva zinafika gramu 220 mpaka 250 hivi, na maji hayana kalori hata moja. We si unawaona dagaa pale Mwaloni, wakianikwa uzito unapungua lakini samaki ni walewale, kilichoondoka ni maji, sasa tambi ndo kinyume chake.

Kwahiyo ukipima kavu tumia namba ya paketi, ukipima zilizoiva tumia ya zilizoiva, usichanganye. Mi napendelea kavu, kwa sababu zilizoiva inategemea umezichemsha muda gani, ukizisahau jikoni zinavimba na uzito unapanda wakati kalori ni zilezile.

Ila najua hupikii mtu mmoja, sufuria ni la nyumba nzima. Fanya hivi: pima sufuria tupu uandike, pika paketi yako ya gramu 500, hiyo ni kcal 1,750 yote, chuja maji, rudisha kwenye sufuria upime tena utoe uzito wa sufuria. Tuseme umepata gramu 1,150. Sahani yako ya 250 ukiigawa kwa 1,150 halafu ukazidisha mara 1,750 unapata kama 380. Sio 875 jamani! Mzani wako kama ni mdogo haubebi sufuria, hamishia kwenye bakuli upime kidogo kidogo. Na wali ni hivyohivyo, mchele mkavu gramu 100 ni kama kcal 360, wali ulioiva gramu 100 ni kama 130.

Sasa kitu ambacho hujakitaja, na mi ndo kinanitia wasiwasi kuliko tambi zenyewe, ni mafuta. Kama unazipika zile za kukaanga kwanza mpaka ziwe kahawia ndo unaweka maji na sukari, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kcal 120, na mkono wetu wa kumimina kutoka kwenye dumu tunaujua. Hapo hakuna cha kuchuja, kila ulichoweka kimebaki ndani, kwahiyo mafuta na sukari viongeze kwenye ile 1,750 kabla hujagawa. Nazi pia, kama unaweka.