Kwako unayeanza kufyatua matofali

Ndugu yangu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Tanuru langu la kwanza hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, nililipanga mwishoni mwa Februari, mvua za Machi zikinikimbiza. Matofali yalikuwa makavu kwa nje, kumbe ndani bado mabichi. Usiku ule nikachochea kuni bila huruma. Yakaanza kulia kama bisi chunguni. Nilipobomoa tanuru, karibu nusu ilikuwa vigae.

Siku hizi sipangi kabla ya kuvunja tofali moja la chini kabisa ya rundo. Katikati pakiwa peusi kuliko kingo, nasubiri. Na usiku wa kwanza moto ni mdogo tu, wa kutoa maji. Chomeka chuma baridi juu ya tanuru kidogo, kitoe. Kikitoka na matone, mvuke bado upo, usiongeze kuni.

Udongo nao una tabia zake. Wa kichuguu naupenda, maana mchwa wameshauchambua, hauna kokoto. Wa bondeni mtupu hunywea mno ukapasuka. Fyatua tofali la majaribio, chora juu yake mstari wa sentimita 10 lingali bichi, likikauka upime. Mstari ukibaki 9 au chini ya hapo, ongeza mchanga, ujaribu tena. Kinamasi chenyewe usikiguse bila kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, hata mwenye shamba akikuapia kwamba ni chake.

Loweka tope usiku kucha, likanyage mpaka lisiwe na mabonge. Kalibu, yaani kile kiunzi cha kufyatulia, ichovye majini, inyunyizie mchanga, la sivyo tofali litang'ang'ania kona. Halafu funika kwa nyasi. Jua kali la siku ya kwanza ndilo linalopasua, ingawa vijana wengi hulifurahia wakidhani kazi inakwenda. Tofali likishika, lisimamishe ubavuni, kisha panga ukiacha nafasi za upepo. Wiki 2 au 3, kutegemea hali ya hewa.

Kuni ni ghali na miti inakwisha, kwa hiyo kwenye mashine za kukoboa kahawa omba maganda, uyamwage kati ya matofali unapopanga. Yanawaka polepole, joto linafika hadi juu.

Na shimo ulikochimba lifukie mapema. Mvua ikinyesha linajaa, na watoto hawajui kina chake.