Vigezo na Masharti Kuzingatiwa: Mashindano ya Zawadi kwa Mwenye Mfuko Mwepesi

Tangu nitaje kwamba kompyuta yangu ya kwanza niliipata chuoni kama zawadi ya shindano, kwa insha ya kurasa tatu, maswali yamefurika. Nimechagua machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Dada, sina hela ya kuchezea na bando langu ni la kuhesabu. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, anza kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo matangazo hupenda kuvichanganya: droo na shindano. Kwenye droo jina lako linatikiswa pamoja na mengine, likitoka limetoka. Njia pekee ya kuliongezea nguvu ni kununua nafasi zaidi, na hapo ndipo hela inapoyeyuka. Kwenye shindano la insha, hadithi, picha au nembo, kuna mtu anayekaa na kuitazama kazi yako. Wewe una maktaba, una wenzako wa kukukosoa, una mwalimu ambaye ukimwomba kwa adabu atakusomea rasimu. Huo ndio mtaji wako. Droo za bure ingia ukipenda, ni dakika mbili tu. Za kulipia waachie wenye nazo.

Pili, fuata yanayotisha. Tangazo la "bonyeza ushinde" hukusanya umati. Linalodai maneno 1,500 yenye marejeo huwarudisha wengi mlangoni. Wewe ingia. Hata kwenye tuzo kubwa ada si lazima: Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, iliyoanza mwaka 2012, haitozi kitu, na inapokea hadithi za Kiswahili za maneno 2,000 hadi 5,000 kutoka kwa raia wa nchi wanachama waliotimiza miaka 18. Wanaoshindania ni maelfu, sikudanganyi. Lakini usiposhinda unabaki na hadithi iliyokamilika, ambayo kesho unaipeleka kwingine. Nani amewahi kupeleka kwingine tiketi ya droo iliyoshindwa?

Kuna droo ya kutuma ujumbe wa simu. Kila ujumbe ni hela ndogo tu. Ubaya uko wapi?

Chukua kalamu. Tuseme zawadi ina thamani sawa na bei ya jumbe 10,000, na watu kwa jumla wametuma jumbe 100,000. Ukigawanya, kila ujumbe wako unabeba sehemu moja ya kumi ya ulicholipa. Ukituma 100, umenunua nafasi moja kati ya 1,000, na jumbe zote 100 umeshazilipia.

Halafu hiyo "hela ndogo" mara nyingi si bei ya ujumbe wa kawaida. Namba fupi za mashindano huwa na tozo yake, na nyingine hukuandikisha kimyakimya kwenye huduma inayokukata kila siku hadi utume neno la kujitoa. Kama lazima ujaribu, tazama salio kabla ya ujumbe wa kwanza, kisha litazame tena kesho yake asubuhi.

Nimepigiwa simu kuwa nimeshinda, ila nilipie kwanza ada ya kutoa zawadi.

Hujashinda. Kata simu. Hata kodi, pale inapotozwa, haitumwi kwenye namba ya mtu binafsi ndani ya nusu saa. Na zile tarakimu za siri zinazoingia kwenye simu yako usimtajie yeyote, hata awe anajua jina la babu yako.

Kwa hiyo kila ada ya kushiriki ni utapeli?

La. Majarida mengine ya fasihi hutoza kidogo ili kulipa wasomaji wa awali na zawadi yenyewe. Mimi huuliza: majaji wametajwa kwa majina? Washindi wa mwaka jana naweza kuwapata na kazi zao nikazisoma? Kuna nafasi za bure kwa wasio na uwezo? Hilo la mwisho likiwapo hufichwa chini kabisa ya ukurasa, na lisipokuwapo, barua pepe ya mistari mitatu haigharimu kitu.

Ninayoyakimbia ni yale ambayo kila aliyetuma shairi "ameingia fainali", kisha anaombwa anunue kitabu ghali ambamo shairi lake limechapwa. Hapo mteja ni wewe.

Masharti ni kurasa kumi kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nisome nini?

Anzia chini, maana ya juu ni mapambo. Tafuta siku ya mwisho, pamoja na saa na ni saa za wapi. "Saa sita usiku tarehe 30" imewaponza wengi: ni usiku wa kuamkia 30 au wa kuamkia 31? Tuma siku mbili kabla, uondokane na fumbo. Tazama kama jina lako linaruhusiwa kuonekana kwenye kazi. Mashindano mengi husomwa bila majina, na jina lililosahaulika kwenye kichwa cha ukurasa wa nne linatosha kukutoa. Tazama pia kama hadithi uliyoibandika kwenye ukurasa wako mwenyewe inahesabiwa imeshachapishwa. Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Kisha njoo kwenye haki, na hapo soma polepole. Sentensi ya kuogopa huwa hivi: "Haki zote za kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya waandaaji." Ona: zitakazowasilishwa, si zitakazoshinda. Maana yake, tuseme ni shindano la picha, watu 800 wametoa picha zao bure kwa kampuni inayotafuta picha za matangazo, na mmoja amelipwa. Ni tofauti na shindano kama Wiki Loves Monuments, lililoanzia Uholanzi mwaka 2010. Huko unapiga picha za majengo na mahali pa kihistoria ukijua wazi kwamba utaziachia kwa leseni huru, mtu yeyote azitumie mradi akutaje. Umetoa, ila umejua unachotoa na kwa nani.

Yale ya kupigiwa kura mtandaoni?

Anashinda mwenye ndugu wengi na bando nene. Pita.

Nitajuaje kama nakula hasara?

Weka daftari. Langu lilikuwa na safu tano: jina la shindano, siku ya mwisho, hela iliyotoka (bando na uchapaji humo humo), saa nilizotumia, matokeo. Wiki za mitihani nilizifuta kwa mstari mwekundu, hakuna kutuma chochote.

Safu ya sita niliiongeza baadaye. Nilikuwa nimeshinda zawadi ya kulala usiku mbili katika hoteli ya kifahari, mji wa mbali. Nauli haikuwemo. Nilipiga simu kuomba wanipe hata robo ya thamani yake taslimu. Haibadilishwi kwa fedha. Basi nimpe rafiki yangu anayeishi huko? Haihamishiki. Sauti ya yule dada wa simu ilikuwa ya upole kabisa. Cheti kiliisha muda wake kikiwa ndani ya daftari, na pembeni yake nimeandika kichwa cha safu mpya: "Gharama ya kuifuata".