Umeniuliza viatu

Nekesa mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza uvae viatu gani ukitoka Busia mpakani kwa miguu hadi Namugongo, kwenye hija ya mashahidi wa Uganda, mwezi huu wa tano. Mimi ningeuliza kwanza unatembea na nani. Njia ile inakaribia kilomita 200, na mtu humjui mpaka mmetembea pamoja jua la saa nane. Marehemu baba yako alichoka kunisikia nikisema hivyo, na wewe vumilia.

Unamjua Nabirye wa Iganga, aliyekuletea mkeka ulipomaliza kidato cha nne. Hujawahi kuuliza nilimtoa wapi. Nilimpata barabarani, kwenye mashamba ya miwa ya Kakira, anatembea peke yake na kikapu kichwani. Mimi malengelenge yalikuwa yamepasuka, na wenzangu wa parokia wametangulia wakiimba. Alichana leso yake, akanifunga miguu yote miwili, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Sasa usiangalie mbele, angalia mimi." Tukavuka Nile pale bwawani Jinja. Tukaukata msitu wa Mabira, malori yakitupita karibu mpaka nguo zinapepea, naye ananisimulia vituko vya mapacha wake.

Tulipofika Lugazi, kiongozi wetu wa msafara akasoma orodha ya majina. Ukumbi na uji ni wa waliojiandikisha, akasema, na tena huyu mama si Mkatoliki. Mbele ya watu! Nabirye akatabasamu, akachukua mkeka wake, akaenda kulala kwenye baraza ya duka. Mpaka leo nikikutana na yule mzee kanisani, huwa naanza kutafuta rozari mkobani.

Nisimwonee. Alikuwa na watu wa kuwachunga usiku, ugenini, na uji wenyewe ulikuwa wa kupimiwa. Pengine hata mimi ningesoma ile orodha. Lakini hilo la Ukatoliki lilitoka wapi? Safari ya mashahidi wa Uganda! Tarehe 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja pale Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na hakuna aliyewabagua motoni. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale 22 mwaka 1964, aliwataja na hao Waanglikana. Hapana, simtetei tena.

Nilichukua blanketi nikamfuata barazani. Mbu walitula sana, na tulicheka mpaka mwenye duka akatugombeza kupitia dirishani. Namugongo kwenyewe tuliachana njiani, yeye akaenda kwao kwa Waanglikana, mimi nikaenda basilika, tukatafutana baada ya ibada. Papa Francisko alipokuja mwaka 2015, nikasikia redioni kwamba ameanzia kwa Waanglikana ndipo akaja kwetu, nilimpigia Nabirye simu ugali ukiwa jikoni. Ukaungua. Baba yako aliula hivyo hivyo.

Sasa, unaandika kwamba yule kijana wako naye atakuja, ila atapanda basi mpaka Mukono muungane hapo. Mukono, ambapo Namugongo imeshakaribia! Sisemi kitu. Ana kazi, na benki hawatoi likizo ovyo. Na wapo watu wazuri tu wasioweza kutembea mbali. Baba yako alikuwa mmoja wao. Lakini baba yako alinisindikiza mpaka mpakani, akabeba mzigo. Mtu humjui mpaka... Basi, nimesema sisemi. Wewe mwulize tu kwa nini asianzie Jinja.

Viatu ni raba zako za zamani, zile zilizokwisha kuuzoea mguu. Usinunue mpya. Soksi za pamba, na mafuta ya kujipaka vidoleni kila asubuhi. Kitambulisho usisahau, Busia watakiomba. Iganga utalala kwa Nabirye, nimeshampigia. Aliniuliza kama atamwona huyo mkwe. Nikamwambia mkwe anaanzia Mukono. Akacheka mpaka salio likaniishia.

Mama yako