Akikwambia "niko sawa", usifunge faili

Nyinyi mnaoanza kazi ya kaunseling, hasa mliopelekwa atachimenti kwenye vituo vya huku Eastlands, Nairobi, niwaambie kitu kuhusu wateja wa kiume maana mwaka wangu wa kwanza niliwapoteza wengi sana na sikujua ni kwa nini.

Mwanaume haji kukwambia ndoa inamshinda. Atakuja na usingizi umepotea, ama mgongo unauma, ama deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ama atasema ni mama watoto amemtuma. Sasa wewe na daftari lako jipya unamuuliza "unajisikiaje kuhusu hilo?" Niko sawa. Basi, imeisha hivyo.

Kuna fundi wa welding alikujaga kwangu kutoka Kariobangi Light, alikaa kwa ukingo wa kiti na funguo za pikipiki mkononi, hata jaketi hakutoa. Nilimuuliza hisia zake mara tatu nne hivi, dakika arobaini zikaisha, akasema asante na sijamwona tena. Nililaumu jamaa, ati hayuko tayari. Si yeye, ni mimi.

Kilichonifungua macho ni makanga mmoja wa matatu. Sesheni ilikuwa imekauka kabisa, nikaamua kumsindikiza hadi steji kwa sababu hata mimi nilikuwa naenda nyumbani, tunatembea tu bega kwa bega kila mtu anaangalia mbele, akasema, "Daktari, mimi gari hufunga saa mbili lakini huingia kwa nyumba saa tano, makusudi." Hizo saa tatu anakaa wapi? Kwa ngazi za ploti, anaangalia simu hadi asikie watoto wamelala.

Kwa hivyo ulizeni vitu vinavyoonekana. Jana ulifika saa ngapi, nani alifungua mlango, chakula ulipewa ama ulijipakulia. Hisia zitakuja zenyewe nyuma ya hayo majibu. Na msijaze saa yote maneno, kwa sababu neno lenyewe huja dakika tano za mwisho akiwa tayari amesimama, hapo ndio kazi huanza.

Halafu hii ya kunyamaza. Bibi atakwambia huyu ananidharau, nikiongea ananyamaza kama ukuta. Kuna mtafiti Mmarekani, John Gottman, alikuwa anapima mapigo ya moyo ya mume na mke wakigombana, na anachofundisha ni kwamba moyo ukipita kama mapigo 100 kwa dakika mtu hasikii tena vizuri anachoambiwa, anahitaji angalau dakika 20 atulie kwanza. Mimi wanaume nawaambia hivi, toka, lakini useme unarudi saa ngapi, na urudi. Kuna tofauti ya "narudi saa tatu tuongee" na kupotelea kwa keg hadi usiku wa manane. Wengi huchagua keg, tusidanganyane.

Kama kuna kupigana msiwaweke chumba kimoja ati muwapatanishe, nyinyi si wazee wa ukoo. Ongeeni na kila mtu kivyake, na mwanaume mumuulize pia kama anapigwa. Atacheka kwanza. Ngojeni amalize kucheka. Sheria ya 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani inamlinda hata yeye, anaweza kupata amri ya korti kama tu mke.

Na kujiua muulize waziwazi bila kuzungukazunguka, kuuliza hakumpatii hiyo wazo. Wengi hufichaga kwa kuogopa polisi kwa sababu kifungu 226 cha kanuni ya adhabu kilikuwa na jela hadi miaka miwili kwa aliyejaribu, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinapingana na katiba. Mwambie hivyo, utaona mabega yakishuka. Lakini pia mwambie mapema kwamba maisha yake yakiwa hatarini hiyo siri hutaweka peke yako, asije akaona umemsaliti.

Masaa nayo, mtu wa mjengo hawezi kuja Jumanne saa nne asubuhi apoteze siku. Fungueni jioni, ama Jumamosi.

Kwangu siku hizi viti nimevigeuza, vyote viwili vinaangalia dirishani, na huko chini kuna kaa wosh. Wengi huanza na stori za magari, huyo anaosha injini vibaya, hiyo Probox imechoka, na mimi namwacha aongee magari.