Mkataba wa "huru" pekee haukukingi, kaka

Kaka, umeuliza kama wakala wako hapo Dodoma uko salama kwa kuwa vijana wako wanafanyia kazi nyumbani na mikataba inawaita wakandarasi huru. Jina la mkataba si kinga. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 iliweka vigezo vya kumtambua mwajiriwa, na kimojawapo kikitimia, mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Nani anampangia saa? Nani kampa vifaa? Amekufanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3? Saa 45 ni chache sana, kama wiki moja tu ya kazi.

Sasa mchukue binti wa Nkuhungu anayejibu wateja wako: laptopu ni yako, saa mbili kamili asubuhi lazima aseme "nipo" kwenye grupu la WhatsApp, na akitaka kwenda kliniki anaomba ruhusa. Huyo kwangu ni mwajiriwa kabisa, na anastahili likizo, michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii (asilimia 20 ya mshahara, angalau nusu yake utoe wewe) na notisi. Ukimwachisha ghafla, ana siku 30 za kwenda kulalamika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

Yule mchora nembo mwenye wateja wake wengine ni habari tofauti. Kata kodi ya zuio (ile unayoikata kwenye malipo yake na kuipeleka TRA), mlipe kwa ankara, basi.

Anza na wale wa kila siku, uwape mikataba ya ajira mwezi huu huu. Wanategemea hela hiyo kulipa kodi ya nyumba.