Stenti ya shingoni: muulizeni daktari haya kabla mgonjwa hajasaini

Tangu mzee wangu awekewe stenti kwenye mshipa wa shingo, simu yangu haitulii. Anapiga jirani wa Nkuhungu, anapiga mjomba kutoka Mpwapwa, na mara nyingine mtu nisiyemjua kabisa aliyepewa namba yangu na mgonjwa mwingine. Wote wanauliza jambo moja: ni salama? Mimi si daktari, ni mtoto aliyemuuguza baba yake. Ninachowajibu ni kwamba inategemea mgonjwa ni nani na anayemtibu ni nani.

Shingoni tuna mishipa miwili mikubwa, kulia na kushoto, inayopeleka damu kwenye ubongo. Mafuta yakigandamana kwenye ukuta wa mshipa mwaka hadi mwaka, hasa kwa mwenye presha, sukari au mvutaji wa sigara, njia inakuwa nyembamba. Kipande kikimeguka, au bonge la damu likijitengeneza hapo na kukimbilia kichwani, mtu anapata kiharusi. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma cha kuuweka mshipa wazi. Daktari anaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, anaupandisha hadi shingoni huku akitazama kwenye skrini, na mara nyingi hufungua kwanza kichungi kidogo mbele ya palipoziba ili kidake vipande, kama chujio la chai. Ndipo anaitanua stenti na kukitoa kichungi. Mzee alipigwa ganzi tu, alikuwa macho muda wote. Anasema kilichomchosha ni kukatazwa kukunja mguu baada ya pale.

Hatari iko hapo hapo kwenye kupitisha waya, maana waya wenyewe unaweza kumegua kile mnachokiogopa. Daktari wetu hakutuficha. Alitutajia utafiti wa CREST wa Marekani na Kanada, uliotolewa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa 2,502. Katika kipindi cha tiba yenyewe, waliowekewa stenti walipata kiharusi kwa asilimia 4.1, na waliofunguliwa shingo kwa upasuaji ili mafuta yatolewe mshipani asilimia 2.3. Kwenye mshtuko wa moyo ikawa kinyume: stenti 1.1, upasuaji 2.3. Umri nao ulihesabika. Chini ya miaka 70 hivi stenti ilikwenda vizuri, juu ya hapo upasuaji ukawa bora, kwa kuwa mishipa ya wazee imejipinda na kukakamaa na waya unasumbuka kupita. Mzee wangu ana sitini na kitu na moyo ulishawahi kumsumbua. Kwake stenti ilieleweka. Bibi wa miaka 80 mwenye moyo mzima anaweza kupewa ushauri mwingine kabisa, naye asidhani ameonewa.

Swali la pili la kuuliza: je, mgonjwa ameshaonyesha dalili? Mzee alipoteza nguvu za mkono, kikombe kikamponyoka, na jicho moja likafunikwa na giza kwa dakika chache. Kisha akawa sawa kabisa, akaomba chai nyingine! Shangazi akasema ni uchovu wa shamba, tusubiri tuuze alizeti ndipo twende hospitali. Dalili za aina hiyo, zinazokuja na kuondoka, ndizo za kukimbizana nazo, kwa sababu hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi siku za mwanzo, na madaktari hupenda mshipa ushughulikiwe ndani ya wiki 2. Utafiti wa NASCET wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa wenye dalili na mshipa ulioziba asilimia 70 na kuendelea, asilimia 26 ya waliobaki na dawa tupu walipata kiharusi cha upande ule ndani ya miaka 2. Waliofanyiwa upasuaji walikuwa asilimia 9. Alizeti ikabaki ghalani.

Ila kama utrasaundi imeukuta mshipa mwembamba kwa bahati tu na mtu hana dalili yoyote, punguzeni kasi. Faida hapo ni ndogo zaidi, na mkono usio na uzoefu unaweza kuila yote. Kwa hiyo muulizeni daktari bila aibu: umeweka stenti ngapi za shingoni, na wangapi walipata kiharusi? Tuliogopa ataona tunamdharau. Alijibu kwa namba, tena akionekana kufurahi kuulizwa.

Sisi tulipimwa hapa Dodoma, tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, safari ya mgonjwa si mateso kama ilivyokuwa kwa basi. Wenye sukari au figo dhaifu waseme mapema, kwa sababu dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha inaweza kuzielemea figo.

Baada ya stenti, presha ya mzee ilishuka na mapigo yakapungua. Tulishtuka, lakini tulishaambiwa: pale shingoni kuna vihisio vya presha, na stenti huvikandamiza. Walimchunga hadi ikatulia. Nyumbani, cha kuogopa ni presha kupanda huku kichwa kikiuma vikali upande uliotibiwa. Hilo ni la kurudi hospitali usiku huo huo.

Halafu dawa. Aspirini na klopidogreli, zote za kuzuia damu isigande, hutumika pamoja kwa angalau wiki 4, kisha kwa kawaida moja inaendelea. Duka moja la dawa lilikosa klopidogreli, muuzaji akatuambia aspirini peke yake inatosha, zinafanana. Hazifanani, na damu inaweza kuganda ndani ya stenti mpya. Nunueni dozi nzima kabla ya kupanda treni, na mtu akitaka kung'oa jino, amwambie daktari wa meno kwanza. Pia ombeni nakala ya ripoti na CD ya picha mkiwa bado Dar, kwa sababu atakayempima shingo tena huku Dodoma atahitaji kulinganisha.