Maji yanakwenda wapi? Barua kwa mwanangu Rehema

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako umefika, na picha za nyumba ya Kimbiji mnayotaka kuinunua nimezitazama mpaka mama yako akaninyang'anya simu. Umeniuliza jambo moja: mhandisi anataka laki sita aikague nyumba, fundi wetu anasema ataitazama kwa elfu hamsini na nauli ya pantoni, sasa umlipe yupi. Nitafika huko. Ila kabla ya yupi, niambie maji yanakwenda wapi.

Najua utamwambia mumeo, "Baba ameshaanza." Haya, nimeanza. Chukua picha ya pili, ile iliyopigwa mbele. Ni Januari, kaskazi inavuma, ukuta mkavu na rangi bado mbichi. Hata hivyo maji yameacha nyayo. Kushoto kwa mlango matone ya matope yamerukia ukuta hadi usawa wa goti, na chini yake mawe mawili ya msingi yametokeza. Yale mawe hayakujengwa yaonekane. Udongo uliokuwa umeyafunika umebebwa na maji ya paa, masika baada ya masika.

Utasema nyumba imesimama tangu kabla ya Uhuru, kwa hiyo itaendelea kusimama. Hilo nami nimelifikiria, na si neno la kupuuza. Lakini imesimama chini ya paa jingine. Ilijengwa kwa makuti, na makuti hushuka mbali na ukuta, karibu urefu wa mkono, maji yakadondoka nje ya baraza. Walipoezeka bati walilikata shibiri moja tu kutoka ukutani, wala gata hawakuweka. Mvua yote ya upande ule inaangukia chini ya ukuta, na Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita elfu moja kwa mwaka, nyingi zikija Machi hadi Mei. Kwa hiyo ile miaka mingi unayoisifia ihesabu upya tangu siku ya bati.

Hapo ndipo ukaguzi uanzie. Mkaguzi achimbe mashimo mawili: moja kwenye pembe ile ya kushoto, jingine pale vyumba vya uani vilipounganishwa na nyumba kongwe. Upana wa sentimita 60 unamtosha mtu kuinama na kuona. Achimbe mpaka aone mwisho wa msingi na udongo unaoubeba, apime kina, aubonyeze udongo kwa kidole gumba. Kisha afukie siku hiyo hiyo kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa, maana shimo lililolala wazi likanyeshewa ni ugonjwa mpya. Na asichimbe mtaro mrefu kandokando ya ukuta. Mawe ya chokaa hayana mkanda wa zege wa kuyashika. Ukiyanyima udongo mita tatu mfululizo, ukuta unaweza kukaa, yaani kuzama chini.

Sasa ukuta wenyewe. Ule unene wa nusu mita umekuvutia, na una haki, ndani kutakuwa baridi hata mwezi wa pili. Lakini ukuta wa matumbawe wa namna hiyo mara nyingi ni kuta mbili nyembamba, ya nje na ya ndani, katikati wamejaza kifusi na chokaa. Maji yakiingilia juu, chokaa ya katikati hulainika, kifusi hushuka, na ukuta wa nje hutoa tumbo. Kwa hiyo timazi, ule uzi wenye uzito nchani, lininginizwe juu kabisa, na umbali kati ya uzi na ukuta upimwe sehemu tatu: juu, katikati, chini. Ukuta ulioegea wote pamoja tangu zamani unaweza kuishi na hali yake. Wenye tumbo ndio wa kuogopa. Gonga pale penye tumbo kwa ubapa wa nyundo. Ukisikia sauti ya mtungi mtupu, zile kuta mbili zimeshaachana.

Halafu kuna plasta ya saruji. Hili linaniuma, kwa sababu waliopiga saruji juu ya matumbawe walidhani wanaitendea nyumba hisani. Plasta ya chokaa hunywa unyevu na kuuachia. Saruji huufungia ndani, nao ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, umebeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya plasta hugeuka fuwele, fuwele zinasukuma, plasta inavimba na kudondoka kama maganda. Ndiyo maana wauzaji hupaka rangi: rangi mpya hukaa vizuri miezi michache. Omba ruhusa ubandue kipande cha sentimita 30 kwa 30 chini ya ukuta wa chumba cha nyuma. Muuzaji akikataa kipande cha ukubwa wa sahani, hilo nalo ni jibu.

Na hapa, mwanangu, siwezi kupita bila kumtaja Shangazi yako Mwajuma.

Unaikumbuka nyumba ya Tandika kwa uani na mwembe. Ulikuwa darasa la saba, usingejua yaliyokuwa juu ya dari. Vyumba sita, ukumbi katikati, imenunuliwa mwezi wa tisa, kiangazi. Silingi bodi mpya nyumba nzima, nyeupe, misumari bado inang'aa. Sote tulisimama ukumbini tukasifia weupe ule. Hakuna aliyesema bandueni moja tuone juu. Mbao moja tu, ya kugharimu msumari na dakika kumi.

Masika ilipoingia, maji ya bafu yalikuwa yanakwenda kwenye karo lililochimbwa hatua mbili kutoka ukuta wa nyuma. Karo likijaa, lilikuwa linarudisha maji chini ya ukuta. Pembe ikaanza kukaa, ufa ukapanda kwa ngazi kutoka dirishani hadi juu, na kufikia mwezi wa tano vidole viwili vilipita. Ukuta ulipocheza, kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zikalia, na hapo ndipo dari ikafunguliwa. Nakumbuka kichwa cha mbao moja, pale ilipokalia ukuta. Kwa nje ilikuwa na ngozi nzima, hata alama ya msumeno ilionekana. Fundi akaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia kama kwenye muhogo uliopikwa, ukamwagika unga mkavu wa mchwa juu ya kitanda cha Shangazi. Yule muuzaji alikuwa anajua, silingi bodi hazikupigwa kwa ajili ya uzuri. Nyumba ile ilinunuliwa kwa shamba la minazi la bibi yako kule Kisiju. Shamba lilikwenda lote.

Basi turudi Kimbiji. Ona jinsi mambo ya Tandika yalivyofuatana: maji yaliuvuta mchwa, maji yaliukalisha ukuta. Ndiyo sababu nauliza swali lile lile kila mara. Sehemu kubwa ya unachokiogopa katika nyumba ya zamani ni maji yaliyokosa njia.

Kwa hiyo dari ifunguliwe. Mkaguzi apande na tochi na bisibisi, achome kila kichwa cha boriti na kila kenchi pale inapoingia ukutani, kwa sababu huko ndiko huanza kuoza. Katikati ya mbao pakavu hapasemi kitu. Akiona njia za mchwa, zile mirija ya udongo, avunje sentimita tatu na kuweka alama. Mrudi baada ya siku chache. Ikiwa imezibwa upya, mchwa yupo hai. Ikibaki wazi, yamkini njia imeachwa, ingawa hilo peke yake halitoshi kusema amekwisha. Bati lenyewe usilisumbukie sana. Kwa hewa ya bahari utalibadilisha tu, na ukibadilisha nunua geji 28, maana namba ikishuka bati linanenepa.

Vile vyumba viwili vya uani vya tofali ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, ingawa wewe ndivyo unavyoviita vipya. Kwenye maungio yake na nyumba kongwe naona ufa umesimama wima. Upimwe upana juu na chini. Ukiwa mpana juu kuliko chini, ncha ya mbali ya vyumba vipya inazama na kujivuta kutoka kwa mama yake. Chini ya milimita 1 ni wa plasta na rangi. Hadi milimita 5 unaweza kuzibika, ila sababu yake ijulikane. Ukivuka hapo, hadi 15, milango na madirisha huanza kukwama, na hiyo ni kazi ya kweli. Kipande chembamba cha kioo kibandikwe juu ya ufa kwa saruji pande zote mbili, na tarehe iandikwe kwa penseli. Kioo kikipasuka, ufa bado unatembea.

Tazama pia linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha la jikoni. Kuna mstari wa kutu unaotembea sambamba na nondo. Ufukweni kila mtu alichota mchanga uliokuwa karibu, na mchanga wa bahari una chumvi. Chumvi hula nondo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege linapasuliwa kutoka ndani. Kuziba kwa saruji ni kufunika kidonda. Zege lifunguliwe mahali pamoja, ipimwe ni milimita ngapi zimefunika nondo (pwani ningependa 40 au zaidi) na chuma kilichobaki kina unene gani. Unga wa zege unaweza kupelekwa maabara kupimwa chumvi. Habari njema ni kwamba linta hubadilishwa moja moja, ukuta ukiwa umeegemezwa.

Karo: lifunguliwe mfuniko, muone lina maji kiasi gani na liko hatua ngapi kutoka ukutani. Umeme nitaupita, waya zote utavuta upya.

Sasa swali lako. Fundi wetu nampenda, ana jicho, na ufa ataukuta kabla ya mhandisi kuvaa viatu. Lakini fundi atakwambia "hapa tutarekebisha" kwa sababu yeye ndiye atakayerekebisha. Upande wa pili, mhandisi wa laki sita akizunguka nyumba nusu saa akapiga picha na kuandika kurasa kumi za "inaonekana", umenunua karatasi. Kwa nyumba ya milioni 38, laki sita haifiki shilingi mbili katika kila mia, kwa hiyo si bei inayonisumbua. Kinachonisumbua ni kitafunguliwa nini. Ripoti ina thamani ya vile vilivyofunguliwa. Kwa hiyo walipe wote wawili: fundi achimbe, abandue, afukie, mhandisi apime na kuandika. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, atie muhuri, na asiwe ameletwa na dalali. Ripoti iwe na mchoro wa nyumba wenye kila ufa na upana wake kwa milimita, sababu ya kila kasoro, kipi kianze kurekebishwa na kwa gharama gani, na vitu ambavyo hakuweza kuviona na kwa nini. Hiyo ya mwisho isome mara mbili.

Mama yako anauliza kama kuna makaburi kiwanjani. Waulize majirani wazee, wala usitegemee mjumbe peke yake. Hati na serikali ya mtaa ni barua nyingine.

Kuna neno moja linanikera tangu jana. Unasema muuzaji anataka mmalizane kabla ya mwezi wa tatu. Kwa nini kabla ya mwezi wa tatu? Huenda ana ada za shule, sitaki kumdhania mtu vibaya. Lakini nyumba ya zamani hununuliwa masika, nimesema na narudia. Akikubali kungoja, vile vioo vibandikwe sasa na muwe mnavitazama mpaka Aprili. Akikataa, fundi apandishe madebe kumi ya maji juu ya bati, ayamwage upande mmoja, nawe usimame chini uone yanapoangukia na yanaposimama.

Nunua au usinunue, sisemi. Ulimi unaniwasha, maana zile kuta mtu hajengi tena, na ningependa wajukuu walale ndani yake. Halafu naliona lile tumbo la ukuta wa nyuma katika picha ya tano, au pengine ni kivuli cha mnazi. Siwezi kuhukumu kivuli.

Timazi na pima maji viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Juma. Uzi umeoza, nunua mwingine wa mita tano. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa Kivukoni. Njoo na fundi, na umwambie asisahau bisibisi ndefu.

Baba yako